Sura ya 6: Kobe wa Sanduku Katika Baridi Isiyotosha

Kila ifikapo Novemba, wafugaji wa kobe wa sanduku waishio Florida, Louisiana na pwani ya Texas huuliza swali moja: kobe ameacha kula, amejifukia chini ya majani kwa siku kadhaa, kisha jua lilipowaka ametoka, akazunguka bandani bila kugusa chakula, na jioni akajifukia tena, je, anaumwa, amelala, au anahitaji kuingizwa ndani? Wafugaji wa kaskazini mwa Marekani hawasumbuliwi sana na swali hili, kwa kuwa huko baridi ikishaingia hukaa kwa miezi, na kobe hana la kuchagua ila kulala. Katika maeneo ya joto, ambako baridi huja siku tatu na kuondoka siku tano, mnyama na mfugaji wake huachwa njia panda, na sura hii inaeleza kwa nini kubaki hapo katikati kuna hatari kubwa kuliko baridi yenyewe, na namna ya kuchagua upande mmoja mapema.

## Kobe anayezungumziwa

Kobe wa sanduku ni kundi la kobe wadogo wa Marekani na Meksiko, ambalo jina lake la kisayansi, yaani jina la Kilatini linalotumiwa na wataalamu wa nchi zote, ni Terrapene. Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alimweleza kobe wa mashariki ya Marekani katika orodha yake ya wanyama ya mwaka 1758. Kinachomtofautisha na kobe wengine ni bawaba iliyopo kwenye gamba la tumboni, ambayo humwezesha kuinua sehemu ya mbele na ya nyuma ya gamba hilo na kujifungia ndani kabisa, kichwa, miguu na mkia. Wengi wao hawazidi urefu wa sentimita 15 au 18, ingawa wale wa pwani ya Ghuba ya Meksiko huweza kufika sentimita 20, na anayetunzwa vizuri huishi miaka 30 hadi 50, wakati mwingine zaidi.

Ingawa huishi nchi kavu, nasaba yake iko karibu zaidi na kobe wa mabwawani kuliko na kobe wa nchi kavu wa Afrika, na ndiyo maana anahitaji udongo wenye unyevu na hewa isiyokauka. Msomaji wa Afrika Mashariki anayewafahamu kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao asili yao ni Shelisheli walikoletwa mwaka 1919, asichukue lolote kati ya maelekezo ya usingizi yaliyomo humu na kulitumia kwao, kwa kuwa kobe wale ni wa visiwa vya joto, hawana usingizi wa baridi, na kuwapoza kwa makusudi ni kuwaua.

Hata miongoni mwa kobe wa sanduku wenyewe kuna tofauti ambayo mfugaji hana budi kuijua. Kobe wa Florida, mwenye mistari ya njano inayotawanyika juu ya gamba jeusi kama miale, amezoea majira mafupi ya baridi na kusini mwa jimbo hilo huonekana akitembea karibu mwaka mzima. Kobe wa mashariki, kobe wa vidole vitatu kutoka Missouri na majimbo jirani, na kobe wa mapambo wa nyanda za nyasi za katikati ya nchi wamerithi mwili unaotarajia miezi kadhaa ya kulala. Kobe wa mapambo aliyehamishiwa Miami bado ana saa ile ile ya ndani aliyozaliwa nayo, na siku zinapofupika ataacha kula hata kama jua la huko bado ni kali.

## Joto la kuazima

Kobe ni mnyama wa damu baridi, maana yake ni kwamba mwili wake hautengenezi joto la kutosha, bali hupata joto lake kutoka kwenye jua, udongo na hewa inayomzunguka. Mwili wa binadamu hubaki karibu na nyuzijoto 37 za Selsiasi hata usiku wa kipupwe, lakini kobe aliyelala kwenye udongo wa nyuzijoto 12 naye ana takribani nyuzijoto 12, na kila kazi ya mwili wake hupungua kasi kulingana na kiwango hicho.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kazi hizo hazipungui zote kwa pamoja. Usagaji wa chakula ndio hutangulia kukwama: joto likishuka chini ya nyuzijoto 18 hivi, chakula kilichoko tumboni hukaa bila kusagwa, na nyungunyungu au kipande cha embe alichokula mchana wa jua huanza kuoza ndani ya utumbo usiku wa baridi. Kinga ya mwili, yaani uwezo wa mwili kupambana na vijidudu, nayo hudhoofika, ilhali vijidudu vyenyewe vingine huendelea kustawi katika joto hilo hilo. Wakati huo kobe bado ana nguvu ya kutembea, moyo bado unapiga kwa kasi ya kutosha kutumia akiba ya mafuta iliyoko mwilini, na maji huendelea kumpotea kwa pumzi na mkojo. Kobe anayeishi wiki kadhaa kati ya nyuzijoto 10 na 18 ni kama jiko la mkaa lililowashwa bila sufuria juu yake: mkaa unakwisha na hakuna kinachoiva.

Joto likishuka zaidi, hadi kati ya nyuzijoto 4 na 10, hali hubadilika kuwa nafuu. Hapo kobe huingia katika usingizi wa baridi, ambao ni hali ya mwili kutulia kiasi kwamba moyo hupiga mara chache tu kwa dakika na matumizi ya akiba hushuka karibu na sifuri, hivyo aliyenenepa vizuri anaweza kukaa miezi bila kula na akaamka akiwa amepungua uzito kidogo tu. Watafiti wa Marekani wamethibitisha kwamba kobe wa sanduku ni miongoni mwa wanyama wachache wenye uti wa mgongo wanaoweza kustahimili hata kuganda kwa zaidi ya nusu ya maji ya mwili wao kwa muda mfupi. Ustahimilivu huo ni kinga ya porini ya dharura, na mfugaji asiutumie kama ruhusa ya kumwacha kobe wake kwenye barafu, kwa maana anayeganda mara kwa mara hupoteza macho, vidole au uhai.

Kwa ufupi, kobe wa sanduku ana hali mbili za salama: kuwa na joto la kutosha kula na kusaga, au kuwa na baridi ya kutosha kulala fofofo. Kilicho kati ya hizo mbili kinavumilika kwa siku chache, hakivumiliki kwa msimu mzima.

## Kwa nini nchi za joto zina ugumu wake

Tallahassee, mji mkuu wa Florida ulioko kaskazini mwa jimbo hilo, hupata katika Januari wastani wa nyuzijoto 4 hadi 5 usiku na 17 au 18 mchana. Miami, iliyoko kusini, hupata karibu 16 usiku na 24 mchana. Ukitazama takwimu hizi kwa makini utaona kwamba Tallahassee usiku una joto la usingizi na mchana wake una joto la katikati lisilofaa kwa lolote, na kwamba Miami mchana kobe anaweza kula lakini usiku tumbo lake husimama. Juu ya wastani huo huja mawimbi ya baridi kutoka kaskazini, ambayo hushusha joto ghafla kwa siku mbili tatu kisha hupita.

Mawimbi hayo yanaweza kuwa makali. Tarehe 19 Januari 1977 chembe za theluji zilionekana zikidondoka Miami, na katika Januari 2010 baridi iliyodumu zaidi ya wiki moja iliwapooza kasa wa baharini zaidi ya 4,500 kwenye maji ya Florida, wakawa wanaelea bila uwezo wa kuogelea hadi waokoaji walipowakusanya. Mnamo Februari 2021 Texas iliona jambo kama hilo kwa ukubwa zaidi. Kasa hana mahali pa kujificha baridi inapoingia majini. Kobe wa sanduku anapo, na hilo ndilo linalomwokoa porini: anahama kutoka uwandani kwenda msituni, anaingia chini ya gogo lililooza, anachimba kufuata udongo wenye joto, na baridi ikizidi anachimba tena.

Kobe aliyefungwa ndani ya ua wa mita mbili kwa tatu, wenye sakafu ngumu chini ya udongo wa sentimita kumi, hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Kauli inayosikika mara nyingi, kwamba mnyama wa porini anajua mwenyewe la kufanya, ni kweli kwa mnyama mwenye msitu. Mfugaji aliyemnyang'anya kobe msitu amejitwika kazi ya kumpa mbadala wake, na kazi hiyo huanza kwa uamuzi unaopaswa kufanyika kabla Oktoba haijaisha.

## Njia ya kwanza: kumweka macho

Njia hii inamfaa kobe mgonjwa au aliyetoka kuugua, kobe mwembamba, mtoto wa chini ya miaka miwili au mitatu, kobe aliyenunuliwa au kuokotwa mwaka huo huo ambaye historia yake haijulikani, na kobe yeyote ambaye mfugaji wake hana uhakika wa kumpatia baridi iliyotulia. Wapo wanaoshikilia kwamba kobe asipolala kila mwaka maisha yake yatafupika. Kulala kuna faida zake, hasa kwa wanaotaka kobe wao wazae, lakini kuruka usingizi wa mwaka mmoja kuna madhara madogo mno kuliko usingizi mbaya.

Kobe huingizwa ndani usiku unapoanza kushuka mara kwa mara chini ya nyuzijoto 15. Boksi au meza yake iwe na upande wa joto na upande wa baridi, ili achague mwenyewe: chini ya taa ya joto ifike nyuzijoto 29 hadi 31, upande wa pili ibaki 21 hadi 24, na usiku isishuke chini ya 18. Kipimajoto kiwekwe katika usawa wa mgongo wa kobe, kwa kuwa joto la ukutani halimhusu. Taa iunganishwe na kidhibitijoto, yaani kifaa kinachozima na kuwasha umeme joto linapofikia kiwango kilichowekwa, na ifungwe imara kwa mnyororo, kwa sababu taa iliyoanguka kwenye majani makavu huchoma nyumba.

Joto peke yake halitoshi. Siku ya Desemba huko Miami ina mwanga wa takribani saa kumi na nusu, na kobe hupima ufupi huo hata akiwa karibu na dirisha, hivyo taa za mwanga ziwake saa 12 hadi 14 kila siku ili mwili uamini kwamba bado ni kiangazi. Kunahitajika pia taa ya miale ya urujuanimno, ambayo ni miale ya jua isiyoonekana kwa macho inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D na kuimarisha mifupa na gamba. Miale hiyo haipenyi kioo cha dirisha, na taa zake huisha nguvu baada ya miezi 6 hadi 12 ingawa bado zinatoa mwanga, jambo linalowadanganya wengi.

Kosa linalowapata wafugaji wengi zaidi ndani ya nyumba ni ukavu. Viyoyozi na vipasha joto hukausha hewa, na kobe huyu mwenye asili ya mabwawani huanza kuvimba macho na kukauka pua. Chini pawekwe mchanganyiko wa udongo usio na mbolea, makumbi ya nazi yaliyosagwa na majani makavu, wenye kina cha sentimita 15 au zaidi, unaonyunyiziwa maji hadi ushikamane ukibanwa mkononi bila kuchuruzika. Kila baada ya siku mbili au tatu kobe aogeshwe kwa dakika 15 hadi 20 katika maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni, ambamo atakunywa na kujisaidia. Chombo cha kumwogeshea kisitumike jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa kobe hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha; ni kwa sababu ya bakteria hao Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba fupi kuliko inchi 4, yaani sentimita 10, baada ya watoto wengi kuugua.

## Njia ya pili: kumwacha alale

Anayelala awe mzima, mzito mkononi, mwenye macho maangavu na pua kavu, na ikiwezekana awe ameangaliwa na daktari wa wanyama anayewajua reptilia, pamoja na choo chake kupimwa minyoo. Apimwe uzito kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, na tarakimu hiyo iandikwe.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa mara nyingi: kutoa chakula tumboni wakati joto bado lipo. Kobe hukatiwa chakula kwa wiki mbili hadi tatu huku akiendelea kupata joto la mchana na kuogeshwa karibu kila siku, mpaka utumbo uwe mtupu na mwili umejaa maji. Hapo ndipo joto hushushwa taratibu kwa wiki moja hadi mbili. Katika maeneo ya joto ubaya hutokea pale jua la Desemba linapomtoa kobe nje akaonekana ana njaa, na mfugaji kwa huruma akampa stroberi au nyungunyungu, na usiku wa pili joto likaanguka hadi nyuzijoto 6. Maji apewe wakati wowote, lakini chakula kikishakatwa kisirudishwe hadi usingizi uishe rasmi.

Mahali pa kulala panategemea mji. Kaskazini mwa Florida na sehemu za juu za pwani ya Ghuba, kobe wa huko anaweza kulala nje penye shimo la sentimita 40 hadi 60 lililojazwa udongo laini uliochanganywa na majani, na juu yake kichuguu cha majani makavu na nyasi kavu chenye kimo cha goti. Pachaguliwe mahali palipoinuka, kwa kuwa mvua ya usiku mmoja inaweza kujaza shimo na kumzamisha mnyama asiyeweza kuamka haraka, na pawe kwenye kivuli, ili jua la mchana lisimwamshe bure. Wavu wa chuma juu ya kichuguu humzuia rakuni, mnyama mwenye mikono myepesi anayefukua kobe waliolala na kuwatafuna miguu. Chungu wekundu wenye sumu, walioingia kusini mwa Marekani kutoka Amerika ya Kusini, wakaguliwe kila wiki. Kundi lao likijenga karibu, kobe ahamishwe siku hiyo.

Kusini zaidi, kwenye mitaa ya Miami au ya Brownsville huko Texas, baridi ya nje haitoshi kwa kobe wa nyanda za kaskazini, na hapo baadhi ya wafugaji wazoefu hutumia jokofu. Njia hii huwashtua wanaoisikia kwa mara ya kwanza, lakini ina mantiki, kwa sababu jokofu ndicho chombo pekee katika nyumba ya Florida kinachoweza kushikilia nyuzijoto 5 hadi 7 kwa wiki nane bila kuyumba. Liwe jokofu la peke yake, lisilo na chakula cha binadamu, lililopimwa joto kwa wiki moja kabla ya kobe kuingia. Kobe awe ndani ya boksi lenye matundu na udongo wenye unyevu, na mlango ufunguliwe kidogo kila siku ili hewa ibadilike. Wiki 8 hadi 10 zinatosha kabisa.

Kobe wa Florida mwenyewe, aishiye kusini mwa jimbo lake katika ua mpana wenye vichaka, magogo na majani tele, hahitaji jokofu wala taa. Anachohitaji ni kichuguu kikavu cha kuingia, na mfugaji anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa: usiku unaotangazwa kushuka karibu na nyuzijoto 5 au chini yake, aongezewe majani au aingizwe kwenye banda lisilo na upepo mpaka wimbi lipite, bila kupashwa joto kali la ghafla.

## Dalili zisizosubiri

Kila baada ya wiki mbili au tatu kobe aliyelala ndani apimwe uzito kwa utulivu. Kupungua hadi asilimia moja kwa mwezi ni kawaida. Akikaribia kupoteza asilimia kumi ya uzito aliolala nao, usingizi usitishwe. Kwa kobe aliyelala na aliye macho, dalili zinazotaka daktari bila kungoja wiki iishe ni hizi:

- mapovu au kamasi puani, na kupumua mdomo ukiwa wazi huku shingo ikinyooshwa, dalili za nimonia;
- macho yaliyovimba na kufumba, ambayo mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini A au ukavu;
- uvimbe mgumu upande mmoja au pande zote mbili za kichwa nyuma ya jicho, ambao kwa kobe huyu kwa kawaida ni jipu la sikio na huhitaji kupasuliwa;
- mkojo wakati wa usingizi, kwa maana kobe aliyelala hunywa maji ya kibofu chake, na akiyamwaga amepoteza akiba.

Aliyeonekana na dalili hizo apashwe joto polepole hadi nyuzijoto 25 hivi na abaki macho majira yote yaliyosalia. Kumrudisha kulala baada ya kupata nafuu kidogo ni kosa.

## Kumwamsha

Usiku unapoacha kushuka chini ya nyuzijoto 15, ambao kusini mwa Florida unaweza kuwa Februari na kwenye pwani ya Ghuba ni Machi au mwanzoni mwa Aprili, kobe hupandishwa joto kwa siku mbili au tatu, si kwa saa mbili. Maji hutangulia chakula: aogeshwe kila siku kwa wiki nzima, kwa sababu figo zake zimekaa na taka za miezi miwili na hazitafanya kazi vizuri zikiwa kavu. Chakula cha kwanza kiwe chepesi na chenye maji, kama nyungunyungu, koa, uyoga wa dukani au tunda laini, na kitolewe asubuhi ili joto la mchana kutwa lisaidie kukisaga. Kobe aliyekwisha kuogeshwa, mwenye joto la kutosha na taa zake zote, ambaye wiki mbili zimepita tangu aamke na bado hajala, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.